Mbele duka, nyuma mzee? Njia nne za kupima kabla hujatoa maoni shehiani

Bibi yangu mzaa mama alimalizia uzee wake ghorofa ya tatu, humu mjini Unguja. Miaka minne ya mwisho alishuka zile ngazi mara chache sana, na kila mara ilikuwa kwa ajili ya hospitali. Sukari, mkate na dawa ya presha vilimfikia kwa kikapu. Anafungua dirisha, anateremsha kamba, kijana wa duka la chini anatia alichoagizwa, kikapu kinapanda. Pesa zilishuka zimefungwa fundo kwenye kipande cha kanga. Duka lile lilipofungwa, tulimletea kila kitu hadi mlangoni, lakini bibi alinyong'onyea. Alikosa dakika tano za kusemezana na kijana yule kupitia dirishani: nani kaoa, nani kafiwa, samaki leo bei gani.

Naanza na kikapu kwa kuwa mazungumzo ya ujenzi hapa kwetu huyatenga mambo mawili yasiyotengana. Makazi ya wazee tunayaongelea kwa sauti ya huruma, na maduka tunayaongelea kwa sauti ya uchumi. Kwa mtu wa miaka 75 hilo ni jambo moja, kwa sababu duka likiwa mbali, nyumba nzuri inageuka kifungo. Na kwa mwenye duka pia ni jambo moja, kwa sababu wazee ndio wateja wasiohama.

Mji umejaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na ile ya 2022 ikawakuta 893,169, karibu nusu ya watu wote wa Zanzibar. Ndiyo maana mitaa ya Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, inaguswa. Kwahani nyumba kongwe zimebomolewa kupisha majengo ya ghorofa, na kwengineko watu wanasubiri zamu yao. Kama sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu, amekuita kwenye mkutano na ukutani kumebandikwa picha ya jengo lenye miti ya kijani, au kama familia yenu inabishana mama apelekwe wapi, makala haya ni yako. Nimezipima njia nne za makazi ya wazee kwa vigezo vilevile vitano.

Vigezo vyenyewe

Mguu. Hesabu hatua na ngazi kutoka kitandani hadi dukani, msikitini au kanisani, kituo cha afya na kituo cha daladala. Usihesabu kwa mguu wako, hesabu kwa mguu wa mwenye baridi yabisi. Na uliza jambo ambalo watu huona haya kuliuliza: je, jeneza litapita kwenye ngazi hizo bila kusimamishwa wima? Kwetu maiti hutolewa nyumbani, na nimeshuhudia vijana wakihangaika kwenye kona ya ngazi huku wafiwa wakitazama.

Haki. Nyumba imeandikwa jina la nani, na mzee akifariki mwenzake anabaki? Kwa mirathi ya Kiislamu, marehemu akiacha mtoto, mke hurithi thumni, yaani sehemu moja ya nane, na asipokuwepo mtoto hurithi robo. Eda yake, muda wa kukaa baada ya kufiwa na mume, ni miezi minne na siku kumi. Baada ya hapo, warithi wakitaka kuuza, thumni haimpi mjane hata chumba kimoja.

Pesa. Kujenga ni mara moja. Kinachokuja baadaye ni kila mwezi, miaka yote: pampu ya maji, taa za ngazini, kunyonya karo la choo, rangi, bati. Mradi ukikuonyesha gharama ya kwanza tu, bado hujaonyeshwa kitu.

Biashara. Fremu ngapi za maduka, kwa nani, kwa kodi gani, na kama kuna kilemba, yaani pesa ya kuingilia mbali na kodi. Muuza mchicha, fundi cherehani na mama wa maandazi waliopo mtaani leo watakuwemo kesho?

Watu. Nani atagundua kwamba mzee hajafungua dirisha asubuhi?

Njia ya kwanza: makao ya wazee

Unguja tuna Sebleni na Welezo, Pemba kuna Limbani, Wete. Bara kuna Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga na mengineyo. Serikali hutoa malazi, chakula na matibabu.

Kwa upande wa mguu, njia hii ina nguvu. Vyumba huwa vya chini, choo kiko karibu, na gari la wagonjwa linaingia hadi uani. Udhaifu wake ni kwamba makao yakiwa ndani ya ukuta, nje ya ukuta hakuna aendako mzee.

Haki: mkaazi hamiliki chochote na harithishi chochote. Kwa asiye na mtoto hilo halimsumbui. Kwa mwenye watoto linauma, na wengi huliona kama aibu ya ukoo kabla hawajauliza mzee mwenyewe anataka nini.

Pesa nyingi hutoka katika bajeti ya serikali. Bajeti ikibana, hubana pia kwenye sahani ya mzee. Hapa hakuna chanzo cha pili cha uhakika.

Biashara ndiyo sehemu inayosahaulika, na kwa maoni yangu inarekebishika kwa urahisi. Makao yananunua mchele, samaki, mboga na sabuni kila wiki. Vikinunuliwa kwa wauzaji wa shehia hiyohiyo, makao yanageuka mteja mkubwa wa mtaa. Vikija vyote kwa mzabuni mmoja wa mbali, mtaa unabaki kuyatazama makao kama jengo la wageni.

Watu: hapa mzee asiyeamka atajulikana mapema kuliko kwengine kokote. Kuna mlezi, kuna wenzake wa chumba cha pili.

Inamfaa asiye na mtu kabisa, au mgonjwa anayehitaji kunyanyuliwa na kuogeshwa kila siku na familia haina mkono huo. Haimfai mzee mwenye nguvu zake ambaye tatizo lake ni paa linalovuja.

Njia ya pili: ghorofa, maduka chini na watu juu

Hii tunaijua kwa macho kupitia Michenzani, ile misururu ya majumba kumi tunayoiita treni. Ilitokana na mpango wa mji wa 1968 uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ikaanza kujengwa enzi za Mzee Karume, na familia nyingi zilizovunjiwa vibanda vyao zikapewa fleti. Kwa wakati wake lilikuwa jambo kubwa. Mtu alitoka kwenye udongo na makuti akaingia kwenye nyumba yenye bomba. Waliokuwa na miaka 30 walipokabidhiwa funguo walipanda ngazi wakikimbia. Leo wana miaka 80, na ngazi ni zilezile.

Mguu, basi, ndio mtihani wa njia hii. Utaambiwa jengo jipya litakuwa na lifti. Uliza jenereta. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka Desemba 2009, umeme ulipokatika ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu. Waya wa pili chini ya bahari umeshawekwa tangu hapo na hali ni bora zaidi, lakini lifti haihitaji miezi mitatu ya giza kumfungia mtu juu, siku moja tu inatosha. Lifti pia inataka fundi, vipuri na mtu wa kumlipa huyo fundi. Mahali ambapo wakaazi hawajawahi kuchangia hata balbu ya ngazini, sioni nani atachangia lifti.

Ila kuna namna ya kuipanga ghorofa ikamfaa mzee. Fremu zielekee barabarani, na nyuma yake, sakafu hiyohiyo ya chini, ziwekwe fleti ndogo za wazee zenye mlango unaotoka kwenye ua. Mbele duka, nyuma mzee, juu vijana. Mwekezaji hatapenda, kwa kuwa sakafu ya chini ndiyo yenye pesa. Hapo ndipo maoni ya shehia yana kazi. Ombeni idadi ya fleti za chini iandikwe kwenye mkataba, pamoja na masharti ya nani anaruhusiwa kuzikaa.

Haki inaweza kuwa nzuri. Tangu sheria ya kondominio ya 2010 mtu anaweza kumiliki fleti yake ndani ya jengo. Angalieni iandikwe majina mawili, la mume na la mke. Kosa linalorudiwa ni kuandikisha fleti kwa jina la kijana kwa sababu ndiye anayejua kusoma fomu. Kijana akihama au akiuza, wazee wanatoka.

Pesa: ujenzi ni ghali, lakini eneo dogo linabeba watu wengi na kodi ya fremu inaweza kulipia usafi, maji na ulinzi. Nasema inaweza. Sharti kodi ya fremu iingie kwenye mfuko wa jengo lenyewe, na wakaazi waone hesabu yake. Ikienda kapu kuu, ngazi zitabaki na giza.

Biashara hapa hukua kweli. Watu wengi juu, wateja wengi chini. Lakini fremu mpya huja na kodi mpya na kilemba, na anayeweza kulipa mara nyingi si yule aliyekuwa akiuza hapo. Mtaa unapata duka la simu na duka la mapazia, unapoteza mama wa maandazi aliyekuwa akimkopesha mzee hadi mwisho wa mwezi. Hasara hiyo haionekani kwenye mchoro. Suluhisho ni kutenga genge au vibanda vidogo vya kodi ya chini ndani ya eneo hilohilo, siyo kuwaambia wauzaji wadogo wasubiri soko kubwa.

Watu: ghorofa hubadilisha ujirani. Baraza ya nje haipo, na kila mlango unafungwa. Wajenzi wakiweka viti vya saruji kivulini mbele ya fremu, pakachezwa bao na dhumna na pakauzwa kahawa, nusu ya tatizo imekwisha. Hivyo viti ni rahisi kuliko kitu chochote kwenye mradi, na ndivyo huondolewa kwanza gharama zikipanda.

Inazifaa familia za vizazi viwili au vitatu zinazokaa pamoja, wazee wenye miguu bado, na mitaa isiyo na nafasi ya kutanuka. Haimfai mzee anayeishi peke yake, asipohakikishiwa sakafu ya chini.

Njia ya tatu: nyumba za chini za wakfu, kodi ya maduka izitunze

Si jambo geni. Mji Mkongwe una nyumba na maduka mengi ya wakfu, yaliyowekwa na wenye mali ili pato lake litunze msikiti, lisaidie jamaa au limstiri maskini, na leo yanasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wanyonge wengi wamekaa humo kwa kodi ndogo miaka mingi. Wazo la sasa ni kulifanya upya kwa ramani: safu ya maduka sita au manane barabarani, na nyuma yake vyumba vya chini kumi au kumi na viwili kuzunguka ua wenye kisima na mti.

Mguu: hakuna ngazi. Mzee anatoka mlangoni, anavuka ua, yuko dukani. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne ambayo bibi yangu asingehitaji kamba.

Haki yake ni ya namna ya pekee. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi. Mzee anakaa maisha yake, na mjane anaendelea kukaa bila kusubiri ridhaa ya warithi, mradi hati ya wakfu imesema hivyo. Hilo "mradi" ni zito. Hati isiyomtaja mjane haimlindi. Upande wa pili, watoto hawapati kitu, na familia zenye matarajio ya urithi zitaikataa njia hii hata kama mzee anaitaka.

Pesa: hapa wakfu wa zamani unatufundisha kwa uchungu. Kodi zilibaki chini mno kwa miongo mingi, kwa nyumba na kwa maduka pia, mpaka hazikuweza kununua chokaa wala boriti, na majumba yakaanza kuanguka. Huruma ilitumika mahali pasipo pake. Mwenye duka lenye faida alipe kodi ya soko, mzee alipe kidogo au asilipe, na tofauti hiyo itengeneze paa. Mkikosea hapo, baada ya miaka ishirini mtakuwa na magofu mengine.

Biashara: maduka ni machache, kwa hiyo ukuaji ni wa kiasi. Mtaa unaotafuta ajira nyingi hautazipata hapa. Lakini wateja ni wa uhakika. Pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Wazee ishirini wa ua mmoja ni shilingi milioni moja kila mwezi, na sehemu kubwa yake huishia kwenye mchele, sukari na vocha za simu hapohapo karibu.

Watu: ua unafanya kazi ya mlezi. Dirisha moja likichelewa kufunguliwa, macho kumi yameona. Lakini ugomvi wa ua nao ni wa kila siku, na anayetaka faragha atachoka.

Inamfaa mzee mmoja au wawili wenye kujiweza, hasa wajane. Inaufaa mtaa wenye mfadhili au ardhi ya umma, na wadhamini wanaoaminika kwa hesabu. Pasipokuwa na wadhamini wa namna hiyo, msiianze.

Njia ya nne: mzee abaki kwake, mtaa utengenezwe

Hapa hakuna picha ya kubandika ukutani, ndiyo maana haina mtetezi kwenye mikutano. Fedha zinatumika kidogokidogo: choo cha kukaa badala ya cha kuchuchumaa, kishikio ukutani, ngazi moja ya mlangoni igeuzwe mteremko, mtaro ufunikwe, taa ziwekwe uchochoroni.

Mguu: mzee anaijua njia hata gizani. Kinachomkwaza ni mitaro wazi na mchanga uliojaa maji msimu wa masika, na hivyo vinatengenezeka.

Haki ina historia ndefu. Watu wa Ng'ambo walikuwa na nyumba bila ardhi, wakilipishwa kodi ya kiwanja hadi wakagoma mwaka 1928. Baada ya Mapinduzi ardhi ikawa ya serikali. Mpaka leo familia nyingi zina nyumba ya babu isiyo na hati safi. Kabla hamjaweka tofali moja, fuatilieni usajili. Na kama nyumba imo ndani ya Mji Mkongwe, matengenezo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Pesa ni ndogo kuliko zote, lakini mara nyingi familia ndiyo inayotoa.

Biashara: wengi hufungua mlango wa duka kwenye chumba cha mbele na kukipangisha. Mzee anapata kodi, na mpangaji anakuwa jicho lake. Nimeuona mpango huu ukifanya kazi vizuri kuliko mipango mingi mikubwa. Kasoro yake ni kwamba mtaa mzima unaweza kugeuka maduka manne yanayouza soda ileile.

Watu: baraza ipo, majirani wapo. Ila watoto wakihamia nje ya mji, Fuoni na Tunguu, na nyumba za jirani zikageuka za wageni, mzee anabaki na baraza isiyo na mtu wa kumwamkia.

Inamfaa mwenye nyumba ya chini, mtaa bado una watu, na angalau mtoto mmoja yuko karibu. Haimfai aliyeko kwenye nyumba inayokaribia kuanguka.

Chagua kwa hali yako

Kama mzee wenu hana mtoto wala ndugu wa karibu na ameanza kusahau njia ya nyumbani, nendeni mkayatembelee makao siku ya kawaida, saa ya chakula cha mchana, bila kutoa taarifa kubwa. Mpeni yeye nafasi ya kusema.

Kama nyumba yenu imo kwenye orodha ya kuvunjwa na mmepewa kuchagua kati ya fidia na fleti, hesabuni kwanza fidia hiyo itanunua kiwanja umbali gani kutoka hospitali. Mkichagua fleti, pigania sakafu ya chini kabla ya kupigania ukubwa. Vyumba viwili chini ni bora kwa mzee kuliko vitatu ghorofa ya tano.

Kama ninyi ni kamati ya shehia na kuna kipande cha ardhi ya umma cha kama nusu eka karibu na barabara ya daladala, wakfu wa maduka machache na vyumba vya chini unastahili kujadiliwa kwa dhati. Ardhi ikiwa ndogo zaidi ya hapo na watu wa kurejeshwa ni familia mia, ghorofa haikwepeki, na kazi yenu ni kupata fleti za nyuma ya fremu, viti vya kivulini, na vibanda vya wauzaji wadogo kwa maandishi.

Kama mtaa wenu haujaguswa na mradi wowote, msisubiri mradi. Anzeni na mtaro ulio kati ya nyumba za wazee na duka la karibu.

Na kama mzee wenu tayari yuko juu na hamna uwezo wa kuhama, tafuteni familia changa iliyo sakafu ya chini ya jengo hilohilo mbadilishane. Mjomba wangu alifanya hivyo kwa ajili ya shangazi. Wale vijana walitaka upepo na mwanga wa juu, shangazi alitaka mlango. Ilichukua wiki tatu za mazungumzo, barua moja kwa msimamizi wa jengo na mkokoteni mmoja wa kuhamishia vitu. Siku hizi asubuhi shangazi anatoa kiti nje, anamenya vitunguu vya mchana, na wapitao humsalimu kwa jina.